Bafu la Wageni Wasiokuja

Ndugu zangu wenye nyumba, na ninyi mliopanga mkiomba Mungu mjaliwe zenu, nawaletea kisa cha mtu mmoja aliyetafuta harufu nyumbani kwake kama anayetafuta mchawi. Mkikisikia mkacheka, sioni ubaya, hata mimi nilicheka. Lakini mkishacheka, kila mmoja arudi kwake akachungulie milango aliyoifunga.

Jumapili moja asubuhi nyumba ya Bwana Stoo ilikuwa imetulia. Mkewe alikuwa anapiga pasi sare za shule. Mabinti zao wawili walikuwa kibarazani wanasukana, na bibi yao, yaani mama mkwe wa Bwana Stoo, alikuwa kando yao akijichua magoti kwa mafuta ya mikaratusi. Bwana Stoo mwenyewe alikuwa amekaa sebuleni juu ya kochi ambalo bado lilikuwa na nailoni lililotoka nayo dukani. Alikuwa anakunywa chai kwenye kikombe cha plastiki, kwa sababu vikombe vizuri vilikuwa kabatini vinasubiri wageni. Kila akijisogeza, nailoni ililia kwacha, naye hakujali. Alikuwa mtu mwenye raha zake.

Jina la Bwana Stoo alipewa kazini, alikokuwa mtunza ghala. Kwake kitu hakikutoka ghalani bila sababu, na sababu yenyewe lazima imridhishe yeye. Ukienda kuomba balbu, atakuuliza kama ile ya zamani imekufa kweli au imechoka tu. Tabia hiyo hakuiacha getini jioni akitoka kazini, bali alikuja nayo hadi kwake.

Nyumba yake ilikuwa na mabafu mawili, kila moja na choo chake ndani. La nyuma, karibu na jikoni, lilikuwa la familia, na kila asubuhi palikuwa na foleni. La mbele lilikuwa la wageni. Lilikuwa na vigae rangi ya maziwa, kioo kikubwa, na sabuni yenye umbo la ua ambayo haijawahi kuonja maji. Mnauliza wageni gani? Miaka kadhaa nyuma, meneja wa Bwana Stoo alimwambia, "Iko siku nitapita kwako." Hiyo "iko siku" ndiyo iliyojenga bafu zima.

Mama mkwe alipozidiwa na magoti akahamia kwao, alipewa chumba kilichopakana na bafu hilo, ukuta kwa ukuta. Mkewe Bwana Stoo akaona jambo liko wazi.

"Baba watoto," alisema, "mama kutembea ni shida. Mwache aoge hapa jirani."

"Hapana, hilo ni la wageni," alijibu Bwana Stoo. "Na mama si mgeni. Mama ni mtu wa nyumbani. Tukimpa bafu la wageni, tutamfanya ajione hana kwao."

Mkewe alimtazama, akatikisa kichwa, akaenda zake jikoni. Bwana Stoo alimjua mke wake, akahofia kwamba siku yeye akiwa kazini, mama ataingizwa humo kwa siri. Kwa hiyo akachukua ufunguo wa bafu akauning'iniza kiunoni pamoja na funguo za ghala. Hata ule usafi wa kila Jumamosi ambao mkewe alikuwa akiufanya mle ndani akaukataza. Alisema vigae visivyokanyagwa havichafuki. Mama mkwe naye akawa anaikamata fimbo yake kila alfajiri, anaburuta miguu korido nzima mpaka nyuma, na kusubiri zamu nyuma ya wajukuu. Hakulalamika hata siku moja.

Sasa Jumapili hiyo, Bwana Stoo akiwa anamalizia chai, pua yake ilikamata kitu. Ilikuwa harufu nzito, kama ya yai viza lililosahauliwa ndani ya soksi. Akaweka kikombe chini. Akanusa viatu vyake, akaviona havina hatia. Akanusa pipa la taka, jokofu, hata mazulia ya milangoni. Mwisho akaenda kwenye bafu la nyuma na kumwaga dawa ya choo nyingi kiasi kwamba mende walihama ukoo mzima. Harufu haikuhama. Tena alipofuata vizuri kwa pua, aliona inakolea kadiri anavyoelekea mbele, na mahali ilipokolea kuliko pote palikuwa mlangoni kwa mama mkwe.

Palikuwa pia mlangoni kwa bafu la wageni, maana milango ile ilipakana. Lakini hapo alipita tu. "Bafu halijawahi kuogewa," alijiambia. "Kitu kisichotumika kitanukaje?" Aliuliza mwenyewe na kujijibu mwenyewe.

Usiku ule wote, na siku zilizofuata, wazo likamkaa kichwani. Harufu ilianza lini? Baada ya mama kuja. Inakolea wapi? Kwa mama. Hesabu ikajumlika vizuri, na Bwana Stoo alikuwa mtu wa kuamini hesabu zake.

Lakini mama mkwe humwambii ananuka. Afadhali umwambie meneja. Bwana Stoo akaanza kwa ishara. Mama akiingia sebuleni, yeye anafungua madirisha. Mama akikaa, yeye anakumbuka kitu uani. Kisha akamnunulia sabuni za manukato, akampelekea zimefungwa kwa karatasi ya zawadi.

"Mwanangu, Mungu akuzidishie," alisema mama, na macho yakamlengalenga. "Hata marehemu mzee hakuwahi kuninunulia sabuni kama hizi."

Aliziogea. Akawa ananukia kama bustani, na korido ikawa inanuka vilevile kama jana.

"Baba watoto, mbona unamkimbia mama?" mkewe aliuliza.

"Nani anamkimbia? Mimi nauliza tu, yale mafuta anayojichua, hayajaharibika kweli?"

"Unataka kusema nini?"

"Sijasema kitu. Nimeuliza mafuta."

Jamani, mtu akishaanza kuuliza mafuta, jueni anakaribia shimo. Siku moja mama akiwa kibarazani, Bwana Stoo alinyata hadi chumbani kwake na pakiti ya vile vidonge vyeupe vya kufukuzia mende. Akatandaza vingine chini ya kitanda. Vingine akavisukuma ndani ya sanduku la nguo, katikati ya vitenge. Akatoka akijipongeza kwamba ametatua jambo bila kumvunjia mtu heshima.

Wakati wa chakula cha mchana mama alikuja mezani na kisahani. Akakiweka taratibu mbele ya Bwana Stoo. Vidonge vyote vilikuwa humo.

"Mkwe," alisema, na safari hii hakusema mwanangu, "hivi nimevikuta chini ya kitanda changu. Na hivi vilikuwa ndani ya nguo zangu."

Bwana Stoo alimeza chakula bila kutafuna. "Ni mende, mama. Nilivitega kwa ajili ya mende."

"Mende nimemtafuta chumba kizima, sikumwona. Niliyemkuta mle ni mimi peke yangu."

Mabinti waliacha kula. Mke wa Bwana Stoo aliweka kijiko chini. Mama hakugomba wala hakulia. Alirudi chumbani, akafunga sanduku lake, akashika fimbo, akaenda nyumba ya jirani kwa mshonaji, mwanamke mjane aliyekuwa rafiki yake. Mkewe akawachukua mabinti na kumfuata mama yake.

"Ukishaipata hiyo harufu yako," alimwambia mumewe mlangoni, "uje utuambie ilikuwa ya nani."

Nyumba ikabaki na watu wawili, Bwana Stoo na harufu. Ndipo jasho lilipoanza kumtoka. Kama mwenye harufu ni mama, na mama ameondoka, huyu aliyebaki ni nani? Alijinusa kwapa la kulia, akajinusa la kushoto, akaoga mara tatu mfululizo. Harufu ilimsubiri koridoni. Na kama haitoshi, mshonaji alimwita kwa juu ya ukuta, kwa sauti ambayo mtaa mzima uliipata.

"Jirani, mama yuko huku na hewa yetu ni safi kabisa. Huko kwako vipi?"

Bwana Stoo alijifanya anafukuza kuku, na kuku hakuwa naye.

Kesho yake alfajiri aibu ilimpa nguvu za kazi ambayo hakuijua. Aliazima nyundo na tindo, akalivamia bafu la nyuma. Alibandua vigae, akachimbua sakafu, akang'oa bomba la chini ya tundu la kutolea maji. Bomba lilikuwa limepinda kama kiwiko, na alipoliinua maji yaliyokuwa yametuama kwenye lile pindo yalimwagika yote kwenye ndala zake. Akalitupa uani kwa hasira. Mara harufu, ambayo ilikuwa moja, ikawa pacha. Akaziba shimo kwa matambara na kuketi juu ya kifusi, amejaa vumbi toka utosini, na kazini alitakiwa kufika asubuhi hiyohiyo. Bafu la kuoga hana. Kwenda kuomba maji kwa mshonaji ni heri afe.

Ndipo akakumbuka ufunguo uliokuwa kiunoni. Alisimama mbele ya mlango wa bafu la wageni, akajifuta miguu, akafungua. Tangu nyumba ile ijengwe, hakuna mgeni aliyekuwa amepokelewa mle, na wa kwanza akawa yeye mwenyewe.

Harufu ilimpiga usoni hadi akashika fremu ya mlango. Buibui walikuwa wametanda kwenye kioo. Choo kilikuwa kikavu kama sahani iliyoanikwa. Bwana Stoo alipiga magoti, akaisogeza pua yake hadi kwenye tundu la sakafuni, akaiinua haraka. Ilikuwa inatoka hapo hapo.

Alikaa chini juu ya vigae vyake rangi ya maziwa, akaanza kufikiri, safari hii bila kujijibu haraka. Alikumbuka lile bomba lililomlowesha ndala. Kumbe pale pindoni maji hayakutuama kwa bahati mbaya. Yalikuwa yamekaa kama mlinzi wa getini, yanaizuia harufu ya shimo la maji machafu isipande ndani. Kila mtu akioga, mlinzi anapata mwenzake. Humu hakuna aliyeoga, na tangu afunge mlango hakuna hata aliyemwaga kopo la kuoshea sakafu. Maji yalikauka taratibu, na harufu ikapanda bila kuulizwa na mtu.

Alileta ndoo, akamimina kwenye tundu. Akaleta nyingine, akamimina chooni. Akafungua dirisha. Hata jasho la kubeba ndoo lilikuwa halijamkauka, hewa ikaanza kuwa hewa.

Mngedhani atashangilia. Hakushangilia. Alikuwa amebaki na ndoo mkononi anaangalia ukuta, na ng'ambo ya ukuta kilikuwa chumba cha mama. Kama angemruhusu kuoga humu siku aliyofika, harufu isingekuwepo. Alimnyima bafu, bafu likanuka kwa kunyimwa maji, kisha akamwekea yeye vidonge vya mende. Bwana Stoo aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Kazini siku hiyo hakwenda.

Aliwakuta kibarazani kwa mshonaji. Mama alikuwa anashona vifungo. Bwana Stoo akachuchumaa mbele yake, watu wakiwa wanaona, akaeleza yote: ndoo, tundu, mlango, ufunguo. Hakujificha popote.

"Kwa hiyo haikuwa mimi," alisema mama.

"Haikuwa wewe, mama. Ilikuwa mimi. Nisamehe, urudi nyumbani."

Mama alikata uzi kwa meno. "Nimekusamehe, tena kwa moyo mweupe. Mke wako na watoto wako hao, wachukue. Mimi nitabaki hapa na shoga yangu."

"Mama, nakuomba. Bafu ni lako kuanzia leo. Lote."

"Nitakuja kuoga. Uliniambia bafu lile ni la wageni, na mimi si mgeni kwa kuwa ni mtu wa nyumbani. Basi utu wa nyumbani nimeuonja, nikaukuta chini ya kitanda. Acha sasa nijaribu ugeni."

Alitimiza neno lake. Kila Ijumaa mama mkwe huja kwa binti yake. Huoga katika bafu la mbele bila haraka, hunywea chai kwenye vikombe vizuri, huketi kwenye kochi lililokwisha kuvuliwa nailoni, na wajukuu humzunguka. Jioni hushika fimbo yake akaondoka. Harufu haijarudi. Lakini akifika, hata mlango ukiwa wazi na wote wa ndani wakimwona, husimama nje na kupiga hodi mpaka aitikiwe.

"Mama, wewe huna haja ya hodi hapa," Bwana Stoo humwambia kila mara, akikimbilia mlangoni.

"Mgeni hupiga hodi, mwenye nyumba," hujibu mama, na husubiri hapo hapo mpaka akaribishwe.

Funzo

Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji augue akimsubiri mgeni. Vizuri vya nyumba vianze kutumiwa na watu wa nyumba, hasa wenye magoti mabovu. Bafu lisilotumika limwagieni maji walau kila wiki. Na ukisikia harufu kwako, anza na ule mlango ambao ufunguo wake unao wewe, kabla hujamnusa mzazi wa mtu. Tundu la bafu hutosheka na ndoo moja. Moyo wa mzazi uliyemdhania hivyo unaweza kukusamehe kabisa, na bado usirudi kulala kwako.