Mwezi Uliotetemeka Barazani

Jumatano, jua lilipozama tu, Noelene Tranter alimkaripia mumewe kwa mara ya nne.

"Merv! Umeinuka tena?"

"Nafuata bia, mke wangu. Friji haina miguu."

"Basi na wewe usiwe nayo! Mwezi wote umetikisika!"

Noelene alikuwa barazani, ameinamia darubini, simu mkononi. Akatazama picha aliyoipiga sasa hivi. Ilikuwa kidude cheupe, hakina macho wala pua. Kilifanana na yai lililomenywa na mtu anayekimbia.

Ijumaa saa sita mchana ndio ulikuwa mwisho wa kupokea picha za maonyesho ya kilimo. Kila mwezi wa Mei mji mzima hukutana uwanjani na ng'ombe wake, kondoo wake, maboga, keki na picha. Kwa miaka ishirini na mbili Noelene alikuwa akishinda kwa maandazi ya boga. Wifi yake, Glenys, alikuwa akishinda kwa picha. Mwaka huu Noelene alichoka kujulikana kwa unga. Kwenye kikao cha akina mama alisimama akatangaza, "Safari hii nitaleta mwezi."

Glenys hakukawia. "Wifi, wewe tuletee maandazi. Mwezi tuachie sisi wenye macho."

Kikao kizima kilicheka. Kicheko kile kilimkaa Noelene kooni kama mwiba wa samaki. Mwezi ulipokuwa mpevu alihangaika nao siku tatu, asipate kitu. Sasa ulikuwa nusu tu, na ungejaa tena Jumatano ijayo, maonyesho yakiwa yamekwisha.

"Nimeaibika!" alisema kwa sauti. "Nimeaibika mbele ya mji mzima!"

"Noelene!" mtu aliita kutoka upande wa pili wa ua. "Kelele zako zimemwamsha mbwa wangu!"

Alikuwa jirani yao, Colleen Pascoe. Kabla ya kustaafu, Colleen alipima barabara kwa miaka thelathini na moja. Chombo chake cha kupimia kilikuwa na miguu mitatu kama darubini ile. Alizunguka ua, akapanda ngazi. Kila alipokanyaga ngazi moja, darubini ilitikisika. Colleen akasimama katikati, akacheka.

"Nani kakwambia uiweke hapa?"

"Niiweke wapi? Hapa ndipo tunapokula, tunapopiga pasi, tunapogombana."

"Mimi nafahamu. Lakini nyumba hii ni ya mbao, imesimama juu ya nguzo. Merv akienda jikoni, sakafu yote inajua. Darubini inakuza mwezi, na inakuza mtikisiko vilevile."

"Kumbe mimi ni tetemeko la ardhi," Merv alisema.

"Wewe nyamaza, beba hiyo stendi," Noelene alimwambia.

Waliishusha darubini hadi kwenye nyasi, nyuma ya nyumba. Colleen alikanyaga miguu ya stendi mmoja mmoja mpaka ikakaa imara. Hakutaka waielekeze kwa kupitia juu ya paa la nyumba. Bati lilikuwa limepigwa na jua kutwa, na hewa ya moto iliyopanda kutoka pale ingeuchezesha mwezi.

"Sasa tuiache nusu saa," alisema.

"Nusu saa! Mwezi si utakimbia?"

"Ukimbilie wapi? Huu wa nusu uko juu mpaka karibu usiku wa manane. Darubini imekaa ndani kwenye joto kutwa, huku nje kuna baridi. Iache ipoe, picha itulie. Tena nikwambie, usianze kamwe kabla jua halijazama kabisa. Ukilichungulia jua kwa darubini, jicho linaungua papo hapo, na halirudi."

Walikunywa chai wamesimama. Noelene hakuwa na raha hata kidogo.

"Hata tukifanya haya yote, mwezi wenyewe nusu. Nani atanipa utepe wa ushindi kwa nusu mwezi?"

"Shoga, jua likikupiga usoni, makunyanzi yanaonekana kwenye picha?"

"Yanapungua. Ndivyo ninavyopenda."

"Basi mwezi mpevu ndivyo ulivyo. Jua linaupiga usoni, vivuli vinapotea. Huu wa nusu jua linaupiga ubavuni. Kila shimo, kila mlima unatupa kivuli. Tazama pale mwanga unapokutana na giza. Hapo ndipo penye picha."

Noelene alichukua lenzi ya kuchungulilia yenye nguvu kuliko zote. Colleen akamnyang'anya.

"Anza na hii ya namba kubwa, ishirini na tano. Inakuza kidogo, lakini mwezi wote unaingia."

"Namba kubwa, inakuza kidogo? Nani alipanga ujinga huu?"

"Si mimi. Na simu unaishikaje?"

"Kwa mkono, kwani vipi?"

"Mkono wa mtu anayemgombeza mumewe hautulii. Darubini yako haikuja na kishikio cha simu?"

Noelene alimgeukia Merv polepole. Merv alijikuna shingo, akaenda bustanini. Alirudi na kishikio. Alikuwa akikitumia kubania mpira wa maji tangu Krismasi. Noelene alimpokonya.

Walifunga simu kwenye kishikio, na kishikio kwenye lenzi. Kwenye kioo cha simu mwezi ukaonekana, mweupe kama kawaida.

"Yai lile lile!" Noelene alilalamika.

"Tulia. Simu inaona giza tele, inadhani kila kitu ni giza, basi inaongeza mwanga mpaka mwezi unaungua. Uguse mwezi kwenye kioo. Umeugusa? Sasa telezesha kidole chini, punguza mwangaza. Punguza tena. Usiogope."

Noelene alipunguza. Shimo moja likajitokeza, kisha jingine, kisha mstari mzima wa mashimo yenye kingo kali.

"Weka simu ihesabu sekunde tatu kabla ya kupiga," Colleen alisema. "Bonyeza, toa mkono, usiguse chochote."

Picha ya kwanza ilikata mwezi. Ya pili haikuwa na mwezi kabisa.

"Umetoka tena! Mwezi gani huu hauna adabu!"

"Unasogea, ndiyo kazi yake. Tangulia mbele yake kidogo, halafu usubiri uingie."

Alipiga picha arobaini. Thelathini na sita zilikuwa za kutupa. Tatu zilikuwa nzuri. Moja alipoiona aliketi kwenye nyasi zenye baridi, akaishika simu kwa mikono miwili.

Alhamisi duka la dawa, ambalo huchapa picha pia, lilimchapia ile yake. Ijumaa asubuhi aliipeleka uwanjani. Jumamosi alipata utepe mwekundu, wa pili. Wa buluu, wa kwanza, alipewa Glenys, kwa picha ya mbwa nyuma ya gari.

"Mbwa!" Noelene alimwambia Merv. "Nimeshindwa na mbwa!"

Lakini watu walimpita mbwa, wakasimama mbele ya mwezi. Mchunga ng'ombe mmoja alivua kofia, akauliza kama yale ni mashimo kweli. Noelene akamweleza. Wakaja wengine, akawaeleza nao, mpaka sauti ikamkauka. Siku hiyo hakuna aliyemtajia maandazi.

Jumatano jioni Glenys alifika getini, simu mkononi, na wanawake wanne nyuma yake.

"Wifi, mwezi umejaa. Tumekuja utufundishe."

Noelene alishusha pumzi ndefu. "Jamani, mmechagua siku mbaya kuliko zote. Rudini baada ya wiki tatu, ukiwa nusu. Ila mmeshafika, haya, chungulieni. Kwa zamu, na mtu asiguse."

Glenys aliinama kwanza. Hakuinuka upesi, wenzake wakaanza kunong'ona.

"Wifi," alisema, jicho bado liko kwenye lenzi, "siku ile kikaoni nilikukosea."

Noelene alimshika bega.

"Sogea," alisema. "Wenzako wanasubiri."