Helmeti ya Kwenye Nondo

Hamjambo wenzangu wa kisomo cha watu wazima. Vuteni viti. Wewe wa dirishani zima hiyo simu, na nyie mnaotafuna karanga, tafuneni kwa adabu. Nataka ukimya. Leo sisimulii kwa mdomo tu, nasoma. Nimeandika mwenyewe kwa mkono wangu, kwa hiyo nikikwama nisubirini, msinisaidie.

Hii habari ni ya mdogo wangu, wa tumbo moja. Tunamwita Kipara na wala hachukii. Tangu azaliwe hajaota unywele hata mmoja. Kichwa kinang'aa kama sufuria mpya. Mama yetu alikuwa na salamu yake kwa huyu mtoto: anamwinamisha, anampapasa utosini, anasema, "Huyu wangu." Hata macho yalipomzimika, Mama hakuuliza nani kaingia. Alipapasa tu, akacheka.

Kipara alikuwa anafanya kazi mbali, ng'ambo ya jangwa, anasambaza vipuri kwa pikipiki. Nilimpigia asubuhi moja, yuko kwenye foleni ya mafuta anakunywa chai.

"Mama hali chakula tena," nikamwambia. "Anakutaka wewe. Anasema hafumbi macho mpaka akushike kichwa."

"Mwambie anisubiri, dada."

"Kifo hakipigi hodi, mdogo wangu."

"Basi wewe kifungie mlango. Nakuja."

Njia yenyewe ni jangwa kwanza, halafu mpaka, halafu barabara ndefu ya pwani mpaka kwetu. Aliijua kama kiganja chake.

Sasa, waendesha pikipiki wa njia ile wana utaratibu wao. Mwenzao akifia jangwani wanamfukia kando ya barabara, wanachomeka nondo ya chuma, na juu ya nondo wanaivika helmeti yake. Kila anayepita anasimama, anamwaga funda la kwanza la maji yake, anaondoka. Helmeti haiguswi. Ukiikuta upepo umeiangusha, unairudisha kwa kijiti. Mkono, hapana.

Kipara alilijua hilo. Tena yeye ndiye alikuwa anawafundisha wageni.

Joto likamzidi. Akavua helmeti yake akaifunga juu ya mizigo, kosa wanalofanya wote wenye haraka. Kamba ikalegea, helmeti ikalalia bomba la moshi. Mpaka anasikia harufu ya plastiki, imeshayeyuka upande mzima, imejikunja kama kiazi kilichoungua.

Na mpakani pale, bila helmeti hupiti. Askari wake hawana mjomba wala shangazi. Wanakurudisha ulikotoka ukanunue, na ulikotoka ni jangwa zima. Mama hakuwa na muda huo.

Kidogo kabla ya mpaka kulikuwa na nondo.

Akasimama. Akamwaga maji. Badala ya kuondoka akabaki anaitazama ile helmeti, nyeusi, jua limeipasuapasua.

"Naazima tu, kaka," akasema. "Nikishamwona mama yangu nakurudishia."

Akaichomoa. Nje ilikuwa ya moto, kavu kama gamba. Akaivaa.

Ndani ilikuwa mbichi.

Sponji imelowa, ina vuguvugu, kama mtu kaivua sasa hivi. Jua la kule linakausha shati kabla hujamaliza kulikamua, lakini ile sponji ilikuwa inatoa jasho. Likashuka kwenye nyusi. Likaingia mdomoni. Zito. Lina chumvi na lina mafuta, kama supu iliyolala ikachacha. Akatema. Likashuka lingine.

Mpakani askari akachukua pasipoti yake, akamwambia afungue kioo cha helmeti. Akafungua. Askari akarudi nyuma, akaziba pua kwa ile ile pasipoti.

"Nyie mnanuka nini?"

"Sisi kina nani, afande? Niko peke yangu."

Askari akatazama nyuma ya bega la Kipara. Akagonga muhuri.

"Piteni. Piteni upesi."

Alipovuka tu, akasimama aivue. Mkanda ukagoma. Akavuta mpaka shingo ikachubuka. Anavuta juu, na ndani kitu kinavuta chini.

Akaendelea. Angefanyaje? Njaa ikamshika, akapenyeza mkate chini ya kioo. Akatafuna. Kitu kikamnasa kwenye meno. Akakishika kwa vidole. Unywele. Akauvuta, unakuja. Akavuta, bado unakuja, unatokea kooni, unamkwaruza. Akatapika. Na kwa kuwa kioo kilikuwa nusu, alitapika ndani ya helmeti, na akaendesha hivyo hivyo, matapishi yanamkaukia kidevuni, nzi wanatambaa juu ya kioo kutafuta pa kuingilia.

Barabara ya pwani ilipoanza akaona gereji. Fundi wake alikuwa mama wa makamo, mikono imejaa grisi na mdomo umejaa maneno.

"Wewe baba, umeshakufa au umekuja kufia hapa? Unanuka kama friji la bucha lililokatikiwa umeme!"

"Mama, nikatie huu mkanda."

Akaukata kwa koleo. Wakashika wote wawili, wakavuta. Ikatoka na sauti ile ya kubandua plasta kwenye kidonda. Fundi akachungulia ndani.

Ndani kote nywele. Nyeusi, nene, zina utelezi, zimejisokota, zina mba. Zimeota kwenye sponji. Kwenye mizizi, nyekundu.

"We kipara," fundi akanong'ona. "Hizi za nani?"

"Za mwenyewe."

"Na mwenyewe yuko wapi?"

Kipara akajishika kichwa. Kitupu. Laini. Akalia kama mtoto. Fundi akampa helmeti kuukuu ya kwake, ile nyingine akaitumbukiza kwenye mfuko kwa kutumia koleo, akaufunga mara tatu.

"Usiniachie hapa. Ulikoitoa unakujua."

Akashuka baharini, akajisugua kwa mchanga na sabuni mpaka ngozi ikawaka. Maji yaliyomzunguka yakafanya mafuta juu. Alipotoka, nywele zimemzonga vidole vya miguu. Akazibandua moja moja huku meno yanagongana, akapanda pikipiki.

Alifika kwetu kesho yake saa sita mchana, jua la utosi. Mlango nilimfungulia mimi. Nilimtazama vizuri jamani, kwa macho haya haya ambayo siku hizi yanasoma mpaka maandishi madogo ya kwenye chupa ya dawa. Kichwa kilikuwa kipara. Kinang'aa. Nikamkumbatia. Alinuka sabuni, na chini ya sabuni kulikuwa na kitu kingine, nikageuza uso.

Mama alibaki ngozi na mifupa. Aliposikia hatua akainua mkono.

"Lete kichwa."

Kipara akapiga magoti, akainama. Mkono ukashuka. Haukufika. Vidole vikasimama hewani, juu kidogo ya ngozi, vikaanza kutembea taratibu, kama mtu anayemtafuta mwenzake chawa. Halafu vikafumba.

"Huyu nani?"

"Mimi, Mama. Kipara wako."

"Kipara wangu hana nywele." Sauti ilikuwa ndogo. Uso ukamkunjamana kama wa mtu aliyemeza nzi. "Zimelowa hizi. Zinanuka. Nitoleeni huyu mtu."

"Mama, nishike vizuri. Ni mimi."

"Niitieni mwanangu. Mwanangu yuko wapi?"

Hilo ndilo lilikuwa neno lake la mwisho. Alikufa anamwita mtoto aliyepiga magoti mbele yake. Macho hayakufumba.

Tulipomwosha, ngumi yake ya kulia ilikuwa imekaza. Tukailainisha kwa maji ya moto, tukaikunjua kidole kwa kidole. Kiganjani kulikuwa na fungu la nywele nyeusi. Ndefu. Mbichi. Kwenye mizizi zimeng'oka na vipande vya ngozi.

Tangu siku hiyo Kipara yuko kwangu. Kila asubuhi namkuta amekaa kitandani, ananipa mgongo, anajichana. Kipara, na chanuo! Mwanzo nilicheka, Mungu anisamehe. Halafu nikaliona lile chanuo.

Limejaa.

Leo tunairudisha ile helmeti kwenye nondo yake. Kipara anaogopa kuibeba peke yake njia yote ile, ameniomba nimkalie nyuma, na mimi ndiye dada. Nimenunua helmeti yangu dukani. Mpya, imefungwa kwa karatasi, na juu ya boksi nilisoma mwenyewe bila kusaidiwa na mtu: haijatumika. Asubuhi hii nimeifungua, nikaingiza mkono kujaribu sponji.

Mbichi.

Msiniulize. Honi hiyo ni yake, mnaisikia? Kiti changu asikikalie mtu, nitarudi. Ila nikirudi, kabla hamjanipa mkono, ninuseni kwanza.