Kura ya Babu Brandvold

Pikapu ilikuwa imeshavuka daraja, na nyumba haionekani tena kwa theluji, Signe alipotoa hotuba yake mfukoni. Kila asubuhi babu yake, Mzee Wendell Brandvold, ndiye aliyempeleka shule, ila leo mzee alivaa tai. Alikuwa mgeni wa heshima shuleni. Maishani mwake aliuza mbegu, akawa gavana wa Dakota Kaskazini, kisha makamu wa rais wa Marekani.

Signe akasoma kwa sauti, “Kwa kura yake moja, babu yangu aliokoa kiwanda chetu cha maziwa.”

“Kura gani hiyo?” babu aliuliza.

“Ya kule Seneti. Si wewe ulikalia kile kiti cha mbele, ukiongoza vikao?”

“Kukaa nilikaa. Lakini makamu wa rais hapigi kura mpaka maseneta wagawane nusu kwa nusu. Kipindi changu chote hawakugawana hivyo.”

Masikio ya Signe yaliwaka moto. Wiki iliyopita Tucker Haugen alimtania darasani kwamba babu yake alikuwa tairi la spea tu. Kwa hasira Signe akaitunga ile kura papo hapo. Mwalimu wao, Bi. Lindahl, akaamini, akamtaka aisimulie mbele ya shule nzima.

“Sasa ulikuwa unafanya nini, Babu?”

“Nawapa maseneta zamu ya kusema. Naenda mazishi ya wakubwa wa nchi za watu. Na kila asubuhi nasoma anayoyasoma rais, ili akianguka nisishike usukani nikiwa kipofu.”

“Akaanguka?”

“Wapi. Mzima kama farasi, namshukuru Mungu.”

Signe alizidi kuchanganyikiwa. Mtu anajiandaa miaka yote kwa jambo ambalo anaomba lisitokee, halafu anapewa heshima?

“Basi nisome nini?”

“Hotuba ni yako, bibie. Mimi nitakupigia makofi tu. Ila makofi ya uongo huniwasha mikono.”

Ukumbini, Signe alisoma vizuri mpaka akafika kwenye ile kura. Akamtazama babu. Babu alikuwa anatazama viatu vyake.

“Babu hakupiga kura hata moja,” Signe alisema polepole. “Niliitunga mimi. Naomba radhi, Bi. Lindahl.”

“Si nilisema?” Tucker alidakia. “Tairi la spea.”

Watu wakacheka, na babu akacheka kuwapita. Kisha akasimama.

“Umesema kweli, kijana. Tairi la spea hubebwa safari nzima na huenda lisishuke. Lakini likiwa na tundu, utalijua siku utakayokwama kwenye theluji. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha sina tundu. Nanyi jiandaeni vizuri hata kama hakuna anayewatazama, wala msijivunie msichokifanya. Sifa ya uongo ni tundu.”

Bi. Lindahl alimsamehe Signe, lakini akamtaka aiandike hotuba upya. Miaka mingi imepita tangu siku hiyo, na kiwanda cha maziwa kilishafungwa. Tucker sasa ni dereva wa basi la shule. Mzee Wendell alifariki miaka michache baadaye, majira ya kuchipua, akazikwa kando ya mkewe. Signe sasa ni daktari wa mifugo, na kabla ya kila safari hukagua tairi la spea.