Ndoo Nusu ya Konokono

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mbishi alinyunyizia maji sanduku la konokono nyuma ya jiko la mama yake, kisha akawatupia majani ya kabichi. Jina la Mbishi alipewa na mjomba wake, na lilimkaa sawasawa, maana msichana huyo akishika neno haliachi ng'o.

Konokono hao aliwaona wakizaliwa. Konokono mkubwa mmoja alichimba kishimo udongoni akataga mayai meupe, na wiki chache baadaye vikatoka vikonokono vyenye magamba membamba ajabu. Gamba lilikua kidogo kidogo kwenye ukingo wa mdomo wake. Konokono akikomaa, ukingo huo hugeukia nje na kuwa mgumu. Hapo sasa naye hutaga.

Jumamosi moja mjomba alikuja na ndoo, jasho likimtiririka.

"Mpishi wa hoteli yuko njiani. Nimemwahidi ndoo nzima ya waliokomaa!"

Mbishi alipapasa ukingo wa kila gamba kwa kidole. Wenye ukingo mgumu aliwatia ndooni. Ndoo ikafika nusu.

"Jazia hao wengine," mjomba alisema. "Waweke chini, wakubwa juu. Nani atapekua?"

"Hao bado watoto, mjomba. Hawajataga hata mara moja. Tukiwatoa, tutabaki na udongo mtupu."

"Lo! Nimekutuma kazi, sikukuomba somo. Unataka niumbuke mbele ya mteja?"

"Siwatoi."

Akafunika sanduku, akaketi juu yake na kukunja mikono.

"Mbishi, ondoka hapo!"

"Siondoki. Nibebe na sanduku lenyewe!"

Mjomba alikuwa angali anafoka mpishi alipopiga hodi. Mara akachangamka. "Karibu, mama! Mzigo uko tayari... yaani, karibu utakuwa tayari."

"Ni nusu ndoo tu," Mbishi alisema palepale alipoketi. "Waliobaki ni wachanga, hawauzwi."

Mpishi aliimimina ndoo yote kwenye beseni alilokuja nalo, akaanza kupapasa waliokuwa chini kabisa.

"Mimi huanzia chini," mpishi alisema hatimaye. "Muuzaji wangu wa zamani alinifichia wachanga huko. Sikurudi kwake tena. Hawa nawachukua, na hao wengine nitawafuata wakikomaa."

Alipoondoka, mjomba alijikuna kichwa. Haya ilimjaa usoni.

"Nilikimbia aibu ndogo, nikataka kujitia kwenye kubwa," alisema. "Sikiliza, mwanangu. Ulichonacho kikipungua, sema kimepungua. Na mkubwa akikutuma kudanganya, mkatalie, hata kama mkubwa huyo ni mimi."

"Nimesikia, mjomba."

"Basi shuka, hao watoto wako wapate hewa."

"Sishuki," Mbishi alisema, "mpaka uwaletee kabichi."

Mjomba alicheka, akachukua ndoo yake tupu, akaenda kutafuta kabichi.