Mwili wa Cornelius, Jina la Peter

Winnie Sharrock aligongana na Cornelius Devaney gatini Liverpool, abiria wa meli ya New York wakishuka kwa mamia. Winnie alibeba mashuka ya daraja la kwanza kwenda kuyafua. Cornelius, mchochea moto wa boila, alikuwa mweusi tii kwa makaa, na kiganja chake kikaacha alama kwenye shuka la juu.

"Hili utalifua wewe," Winnie alisema.

"Nipe na sabuni, bibiye. Nitaanza na uso."

Wakapendana. Cornelius alimsimulia joto la kule chini, jinsi wanaume walivyorukwa na akili wakapanda juu kujitupa baharini. Winnie akamwambia hataolewa na mtu wa boila. Cornelius akaapa kuacha, akapata kazi ya kupakia mizigo bandarini, na ndoa ikapangwa Jumamosi ya mwisho ya Agosti.

Mwanzoni mwa mwezi huo, meli ikikaribia kuondoka, rafiki yake Peter Lunt, naye mchochea moto, alilewa hata asiweze kusimama. Peter alikuwa na watoto wanne, na angeikosa safari angefukuzwa. Wachochea moto walikuwa na desturi ya kuazimana vitabu vya ubaharia, yaani vitambulisho vyao vya kazi, maana karani wa meli alisoma jina, hakutazama uso. Cornelius akachukua kitabu cha Peter akapanda. Akaagiza Peter ajifiche nyumbani, na mkewe amwambie Winnie kwamba Cornelius amekwenda Dublin kumtazama mama yake.

"Mwambie asirudi na mama mkwe," Winnie alimtania mke wa Peter, akaendelea kushona gauni lake jeupe.

Meli iliporudi, tangazo lilibandikwa kwenye lango la bandari: Peter Lunt amejitupa baharini kwa sababu ya joto. Winnie alijitanda shali nyeusi akaenda kumpa pole mjane. Mlango ulifunguliwa na Peter.

Winnie akacheka kwa furaha. "Wamekuandika umekufa, kaka."

Peter alimvuta ndani, akafunga mlango.

"Mbona hivyo? Nani basi aliyekufa?"

"Alichukua kitabu changu, Winnie. Alisema ni safari hii moja tu."

Jumatatu Winnie alimshika Peter mkono hadi ofisi ya kampuni ya meli. Peter alikiri, akijua kazi imekwisha. Winnie akataka jina la Peter lifutwe, aandikwe aliyekufa.

"Wewe ni nani wake?" karani aliuliza.

Zilibaki siku tano kabla ya ndoa.

"Mke wake," alisema. "Andika."