Pipa Lisiloota Viluwiluwi

Maji ya pipa lile hayakuwahi kuota kitu. Mapipa mengine ya uani, yakikaa siku chache bila mfuniko, yalifanya utelezi wa kijani ubavuni na viluwiluwi vya mbu vikaanza kupanda na kushuka. Pipa la buluu lililosimama karibu na mlango wa jikoni lilibaki vilevile lilivyoletwa. Nzi aliyetumbukia humo alikufa papo hapo, akaelea, wala hakuoza.

Baba mwenye nyumba aliwaonyesha wageni pipa hilo kama watu wengine wanavyoonyesha picha ya mtoto aliyefaulu mtihani.

"Chungulieni. Mnaona hata mdudu? Maji ya chupa ya dukani yakasome."

Mtaa ulimwita Mjuaji. Ulimwita hivyo kwa kumcheka, naye akalipokea jina kama cheo. Kazi yake ilikuwa kununua mapipa matupu kwenye kiwanda cha makoti ya mvua kilichokuwa nyuma ya nyumba zao, kuyasugua kwa mchanga na majivu, kuyasuuza kwa maji ya moto, kisha kuyauza kwa watu wa kuhifadhia maji. Kabla ya kuuza aliingiza kichwa ndani ya pipa na kunusa. Pua ikikubali, pipa limefaulu.

"Maabara yangu hii hapa," alisema, akiigusa pua.

Pipa la buluu alilichagua kwa ajili ya nyumba yake kwa sababu halikuhitaji kusuguliwa. Maji aliyolimwagia yalikatika yakawa shanga, yakakimbilia chini, yakauacha ukuta wa pipa mkavu. Mtu mwenye akili zake angejiuliza kwa nini maji yanakikimbia chombo. Mjuaji alicheka mpaka akakohoa, akamwita mkewe aje aone chombo kinachojiosha chenyewe.

Ndani ya nyumba walikuwa wanne: Mjuaji, mkewe, mwana wao aliyekuwa fundi baiskeli, na mke wa huyo mwana. Tangu pipa liletwe, mkamwana huyo alikuwa ameharibikiwa na mimba mbili. Sasa alikuwa na ya tatu, na ilikuwa imepita pale zilipokomea zile za kwanza. Nyumba ilijifunza kunyata. Hakuna aliyelitaja jina la mtoto, hakuna aliyenunua hata kofia. Ila mama mkwe, kila alfajiri, aliomba jambo moja tu: huyu abaki.

Asubuhi moja mkamwana alimwaga jikoni chai ya sukari iliyopikwa kwa maji ya pipa. Kabla hajachukua kitambaa, sisimizi walikwisha kuja na msururu wao. Walifika ukingoni mwa chai, wakasimama. Wa mbele wakapapasa kwa vipembe vyao. Kisha msururu mzima ukapinda, ukaizunguka chai ile, ukaenda kuhangaika na chembe ya mkate mkavu chini ya meza.

"Mama, umeona?" mkamwana alinong'ona.

"Nimeona. Usiseme kwa sauti, baba yako atakuja kutuhutubia."

Tangu siku hiyo mama mkwe akawa na jicho kwa pipa. Jua lilipofika utosini, watu wakijifungia kivulini na mtaa ukiwa kimya, pipa lilianza kuvuma. Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa kama mtu anayeimba amefunga mdomo, chumba cha pili. Pamoja na sauti ilikuja harufu tamutamu, kama ya kiatu kipya kilichofungiwa kwenye mfuko, nayo ilikaa kooni hata baada ya kunywa maji. Hasa baada ya kunywa maji.

"Plastiki inatanuka kwa joto," Mjuaji alisema. "Shule mlienda kufanya nini?"

"Debe tupu ndilo huvuma," mkewe akamjibu. "Hilo limejaa mpaka mdomoni."

"Ndiyo maana linavuma vizuri."



Kisha siku moja mkamwana aliita kutoka bafuni. Hakupiga kelele. Aliita kwa sauti ya mtu anayeogopa kuamsha kitu.

"Mama, njoo. Maji hayanishiki."

Mama mkwe aliingia, akachota kopo zima, akammwagia mgongoni. Maji yalikatika vipande vipande, yakawa shanga, yakateleza mgongoni mwa binti kama umande kwenye jani la magimbi, yakaanguka sakafuni. Akammwagia tena. Mgongo ulikuwa mkavu, na ulinukia kiatu kipya.

"Lipo ndani yangu," binti akasema. "Na mtoto yumo humo humo."

Mganga aliletwa kesho yake na yule fundi baiskeli. Alikuja na mfuko wa nailoni na maneno mengi, akahesabu hadharani majini aliyokwisha kuyatoa: ya milimani, ya makaburini, ya wivu wa mke mwenza. Mjuaji alisema hapendi ushirikina nyumbani kwake, kisha akavuta kiti kizuri kuliko vyote akakaa mbele.

Ubani uliwashwa. Mkamwana aliketi mkekani, kichwa chini ya shuka, mama mkwe akimshika bega. Ilikuwa saa ya jua kali, na nje pipa likaanza kuvuma, na mganga akaanza kusoma, na kadiri alivyosoma ndivyo mvumo ulivyopanda, mpaka ikawa haijulikani tena unatoka uani au chini ya shuka, mpaka moshi wa ubani ukaacha kunukia ubani ukanukia ule utamu wa kooni, mpaka mama mkwe akahisi bega alilolishika linatetema kama ubavu wa mashine, na mganga alipotia vidole kwenye bakuli na kunyunyiza maji, matone yalilifikia shuka, yakajikunja, yakageuka, yakabingirika yakarudi miguuni kwake mwenyewe.

"Nani wewe?" mganga aliuliza, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Taja jina lako."

Sauti iliyojibu ilikuwa ya mkamwana, lakini ilikuwa baridi, ya kuchoka na watu, kama ya karani anayefunga dirisha la ofisi usoni pa mtu.

"Jina langu ni herufi na tarakimu. Ulimi wako hautaliweza."

"Asili yako wapi? Mlimani? Pangoni?"

"Kiwandani. Waliniunda watu waliovaa makoti meupe, wakanawa mikono, wakaenda kula."

Mganga akaendelea. "Una haja gani? Sema, utimiziwe, uende."

 Kisha chini ya shuka kikatoka kicheko kifupi.

"Haja! Wenzangu wanaomba mbuzi na manukato. Ombaomba wakubwa wale. Mimi sitaki kitu. Sina njaa, sina hasira, sizeeki. Nimekaa tu."

"Basi toka!"

"Niende wapi, bwana mkubwa? Mkinimwaga, nitashuka kisimani. Mkinichoma, nitapanda na moshi nirudi na mvua. Mkinizika, nitawasubiri vitukuu wenu. Nyinyi ndio mnaopita. Mimi ni mwenyeji."

Mama mkwe alipiga magoti. "Mwache mtoto," alinong'ona. "Nakuomba. Nichukue mimi, mtoto mwache."

"Wewe nilikuchukua zamani, bibi. Mtoto nimemfikia kabla ya jina lake." Shuka likageuka taratibu, likaelekea kwenye kile kiti kizuri. "Mbona hamumuulizi huyu? Mzee, waambie mtunza ghala alikuambia nini siku uliyonibeba."

Wote wakamtazama Mjuaji. Alijikuna shingo. Akatazama mlango.

"Alisema nini, baba?" mwanawe aliuliza.

"Maneno ya watu wa ghala bwana..."

"Alisema nini?"

"Alisema mapipa ya buluu yasiwekwe maji ya kunywa. Lakini nilinusa! Niliingiza kichwa changu mwenyewe. Halikuwa na harufu."

"Mimba mbili," mkewe akasema, polepole. "Na wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua amesema. Kusema ni kitu kimoja."

Chini ya shuka jini lile lilicheka tena, safari hii kwa starehe, kama mtu aliyetembelewa na rafiki. Kisha mkamwana akalegea, akalala.

Mganga alikuwa anakusanya vitu vyake. Mlangoni alimwambia mama mkwe, kwa aibu, "Mama, majini ninayoyajua mimi yana ukoo, yana mipaka, yana wakubwa wao. Hili halina wa kulikemea. Liondoeni pipa. Maji mkachote mbali. Zaidi ya hapo nitakuwa nawadanganya." Hata chetezo chake cha ubani alikisahau.

Jioni ileile mama mkwe alimwamuru mumewe alirudishe pipa kiwandani, akalitupe langoni mwao. Mjuaji alilivingirisha akinung'unika kwamba nyumba imetawaliwa na wanawake na moshi. Kuanzia hapo maji yalichotwa bombani, ng'ambo ya barabara kuu. Mvumo ukakoma. Mkamwana alipooga, maji yalimlowesha, akalia kwa furaha humo bafuni peke yake.

Na mtoto akazaliwa hai. Wa kiume, na alilia kwa nguvu mpaka majirani wakagonga ukuta kwa kucheka. Bibi yake alimshika akasema, "Amebaki," basi, hakuongeza neno.

Mjuaji aliongeza mengi. Alizunguka mtaa mzima akieleza kwamba mganga alikuwa tapeli, kwamba mimba hutoka zenyewe, kwamba mjukuu amechukua pua ya babu.

Siku ya mkamwana kutoka nje na mtoto, mama mkwe aliwatandikia mkeka kibarazani. Alipoinua macho aliona, kwenye kiwanja cha jirani aliyekuwa anajenga, lile pipa lao la buluu, limepakwa rangi mpya ubavuni na kuwekewa koki, na wajenzi wanapokezana kopo.

"Uliliuza," alimwambia mumewe.

"Pipa zima, mama watoto! Nilitupe? Na maji nimeyamwaga nyuma kule, kwenye migomba. Sijadhuru mtu."

"Kule kwenye kisima cha mtaa?"

"Karibu karibu na hapo."

 Zamani mkewe angemtukana, lakini hata tusi linahitaji mtu wa kulipokea.

Mtoto alikuwa ananyonya. Aliachia titi kidogo, na tone la maziwa likaanguka kwenye saruji, jeupe, mviringo, halikusambaa. Sisimizi walikuwa wanapita. Walifika ukingoni mwake, wakasimama. Wa mbele wakapapasa. Kisha msururu mzima ukapinda, ukalizunguka tone, ukaenda zake.

Mkamwana aliona. Mama mkwe aliona. Wakatazamana.

Mjuaji aliinama, akachovya kidole kwenye lile tone, akakipeleka puani. Alinusa kwa muda mrefu, macho amefumba, kama mtu wa kazi yake.

"Halina harufu," alisema. "Maziwa safi kabisa."

Jua lilikuwa linafika utosini. Mtoto, tumbo limejaa, alifunga mdomo, akatulia kifuani mwa mama yake, akaanza kuvuma.