Kidole cha Tano

Kila asubuhi mwalimu Kagwiria aliunganisha simu yake na spika ndogo, kisha akabonyeza. Wimbo wa Kizungu ukalia. Watoto ishirini na wanane wa chekechea, pale Muthara, waliufuata kwa kelele. Wimbo ulikuwa wa theluji. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kushika theluji, lakini wazazi walipenda kusikia Kizungu kikivuka ua. Na Kagwiria, tuseme ukweli, alipenda kusifiwa.

Karimi peke yake hakuimba. Alikuwa na miaka mitano, na tangu muhula uanze hakuwa ametamka neno hata moja darasani.

"Ijumaa ya wiki ijayo nataka ripoti," mkuu wa shule alisema. "Asiyezungumza hapandi darasa."

Kagwiria akaandika kwa penseli: Hazungumzi.

Caroline, mama yake Karimi, alipoiona ripoti ile machozi yalimlengalenga.

"Mwalimu, huyu nyumbani anaongea mpaka kuku wanachoka! Yeye na shosho, bibi yake, wakichagua maharagwe, ni Kimeru tu, hawanyamazi. Sasa wenzake waende, yeye abaki?"

"Hapa darasani Kimeru haturuhusu, Mama Karimi."

"Sawa, mwalimu," Caroline alijibu kwa sauti ndogo. Akamshika mtoto mkono, wakaenda zao. Ile "sawa" ilimkaa Kagwiria rohoni siku nzima.

Jumamosi alishuka Meru mjini kununua chaki. Miguu ikampeleka Majengo, mtaa alikolelewa. Chumba walichopanga na wazazi wake bado kilikuwepo, karibu na bucha, ila mlango sasa ulikuwa wa chuma. Moyo ulimwuma kwa kuukumbuka ule wa mbao.

Nyumba ya tatu alimkuta mwalimu Zuleka uani, akichagua mchele. Ndiye aliyemfundisha chekechea. Sasa amestaafu na nywele ni nyeupe, lakini jicho ni lile lile.

"Kagwiria! Umekuja kusalimia au umekuja na shida?"

Kuuliza si ujinga. Kagwiria akamweleza yote. Zuleka aliweka ungo chini, akamshika mkono, akaanza kukunja vidole vyake kimoja kimoja, polepole:

"Kidole cha kwanza kinateka maji,
Cha pili kinawasha moto,
Cha tatu kinachagua maharagwe,
Cha nne kinapika.
Cha tano kinafanya nini?"

"Kinakula!" Kagwiria alijibu kabla hajafikiri. Alicheka, kisha akajikuta analia. Miaka ishirini na mitano, na mkono haukuwa umesahau.

"Umeona?" Zuleka alisema. "Wimbo wa mtoto uwe mfupi. Uwe wa vitu anavyovijua. Mwili ucheze, maana mkono hukumbuka kabla ya mdomo. Na umwachie neno la mwisho aliseme mwenyewe. Ukimaliza kila kitu wewe, yeye atasema nini? Hiyo spika yako haisubiri mtu."

"Na Kimeru?"

"Mwache aanze na cha kwao, Kiswahili na Kizungu vitafuata. Lakini usimlazimishe. Wewe mwenyewe ulininyamazia muhula mzima."

"Mimi?"

"Wewe! Nyumbani kwenu ilikuwa Kimeru tu. Nikakuimbia kila siku, nikingoja. Siku uliyofungua mdomo, hukusema 'kinakula'. Ulisema, 'Kimekataa kazi!' Nilicheka nusura nianguke."

Kagwiria hakulikumbuka hilo hata kidogo.

Jumatatu spika ilibaki kwenye mkoba. Watoto waliketi duara, mwalimu katikati. Aliimba taratibu, mara kwa Kiswahili, mara kwa Kimeru, na kila walipofika kidole cha tano alinyamaza akangoja. "Kinakula!" darasa lilijibu. Jumanne Karimi alikunja vidole bila sauti. Jumatano midomo ilicheza. Alhamisi, kimya vilevile. Kagwiria alitamani kumsukuma, akajizuia.

Ijumaa, ripoti ikiwa mezani, waliimba tena.

"Cha tano kinafanya nini?"

Kabla wenzake hawajajibu, sauti nyembamba ilisema, "Kinaosha sufuria. Shosho amechoka."

Darasa lilicheka, na Karimi akacheka nalo. Kisha akaendelea kueleza kwa Kimeru sufuria ilivyoungua, na nani aliiunguza, na kuku walikula nini. Hakuna aliyemkataza.

Kagwiria alichukua kifutio, akafuta neno lile la penseli. Akaandika upya kwa kalamu ya wino: Anazungumza. Tulikuwa hatujamngoja.

Kisha akampigia Zuleka simu, akaiweka katikati ya duara ili mwalimu wake asikie mwenyewe.